Miche Inayokufa Ijumaa

Mchukwi, 7 Januari 2025

Dada Mwanahawa, mkubwa wangu uliyenibeba mgongoni mpaka kiuno kikakupinda,

Salaam zikufikie kwa wingi kuliko kamba wa huko Twasalie. Huku tu wazima. Wifi yako Warda mzima, mguu umeacha kuvimba. Binti yangu Yasmini mzima, kazi yake kujitazama kiooni, na sababu utaisikia. Miye mwenyewe ukiniona utaniuliza nimeoa lini, nang'aa kama bwana harusi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya huko mpaka mtu apande mti, na akishapata mtandao anapiga kelele kijiji kizima kinasikia. Barua haina masikio. Dulla wa boti akikufikishia, mpe maji. Chai usimpe, ana maneno mengi.

Sasa habari. Dada, nduguyo nimejenga nyumba ya mboga. Usicheke. Nguzo za mianzi, juu nailoni, ubavuni mapazia ya nailoni ya kukunja na kushusha, ndani meza ya fito na trei za miche. Wenye vyeti wanaiita kitalu nyumba. Ukiingia saa sita mchana utadhani umemezwa na chatu.

Watu wanapita wanasema, "Haruna kachanganyikiwa, joto la Kibiti halimtoshi, anajijengea jingine." Hawajui kitu. Kazi ya nyumba ile siyo kuleta joto, ni kulitawala. Miye nimekuwa dereva wa shamba la maua kule Arusha miaka mitatu, nimekula meza moja na Mholanzi, na yule bwana alikuwa na kipimajoto mpaka chumbani anakolala. Shule niliachia darasa la tano, lakini nyuzi joto nazisoma kuliko mwalimu mkuu. Mbegu ya pilipili hoho inataka ishirini na tano mpaka thelathini ndiyo iamke. Ikipita thelathini na tano, mche unaiva umesimama. Basi saa tatu asubuhi nakunja mapazia, saa tano natandaza neti ya kivuli, saa saba namwaga maji chini sakafuni, jioni nashusha mapazia lakini naacha shubiri mbili za kupitisha hewa. Na kipimajoto changu kina kumbukumbu: kinakwambia joto la juu kabisa limefika ngapi, na saa ngapi.

Siuzi. Watu hawaamini. Kuna wanaocheza bao, kuna wanaofuga njiwa, miye nacheza na nyuzi joto.

Sababu ya kioo cha Yasmini: kaposwa. Kijana ni Mudrick, mtoto wa jirani yangu Bashiru, yule Mmatumbi aliyehamia hapa mwaka wa tisa huu. Posa nimeipokea. Harusi ni mfungo mosi, Ramadhani ikishapita. Na hapo ndipo nduguyo nitakapoacha historia: kila mwalikwa atatoka na mche wa hoho mkononi. Umeona wapi harusi hiyo? Hata Muscat hawana. Miche mia sita imeshaota, na watu wanakuja kutazama kama maonyesho ya Sabasaba.

Bashiru naye alikuja juzi. Akasimama, akatazama muda mrefu, akasema neno moja: "Mingi." Akaenda zake. Hata mashaallah hakusema.

Mdogo wako anayekukumbuka kila akila samaki asiye na ladha,
Haruna

*

Twasalie, 20 Januari 2025

Mdogo wangu Haruna,

Salaam zako zimefika, na maneno ya Dulla yamefika kabla yake. Sisi tupo. Mpunga umeshika vizuri, na nguruwe nao wameshika vizuri, kila usiku wanakula sehemu yao. Shemeji yako Abdulrazaq analala shambani, anapiga debe kuwafukuza. Mimi kifua kidogo, lakini si cha kuandikiwa barua.

Posa ya Yasmini nimeifurahia mpaka nikakaa chini. Mwanangu huyo namfunda mwenyewe, msitafute mtu mwingine. Nitakuja siku kumi kabla.

Sasa nisikilize mkubwa wako. Nyumba ya mboga nzuri. Kuwaita watu waje kuitazama ndiko nisikokupenda. Ulipokuwa mtoto ulipata shati jipya, ukalivaa ukalizungusha mtaa mzima, jioni likachanika kwenye seng'enge. Hukujifunza. Mtu anayetazama miche ya harusi ya mtoto wangu, akasema "mingi" akanyamaza, mimi namwogopa. Simsemi Umatumbi wake, jicho halina kabila. Lakini kaa naye kwa macho mawili, na la tatu likipatikana ongeza.

Nimempa Dulla kamba wakavu, kikapu kimoja. Ndani yake kuna kifurushi cha kanga chenye mafundo matatu. Hicho cha wifi yangu Warda. Usikifungue, usikinuse, usimuulize. Ni mambo ya wanawake.

Kunywa maji mengi humo ndani ya chatu wako.

Dada yako,
Mwanahawa

*

Mchukwi, 10 Februari 2025

Dada,

Wazima tupo, kwa maana ya kuvuta pumzi. Kamba tumewala wote, Warda kifurushi chake kakiweka anakojua yeye. Yasmini anakusalimu. Mengine sina, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Miche imekufa.

Tarehe 31 Januari, siku ya Ijumaa, nimetoka kuswali alfajiri, nimeingia bandani na kikombe changu cha chai kama kawaida yangu, nikakuta majani yamejikunja, rangi ya manjano, mengine meusi pembeni kama yamepitishiwa moto. Trei sita kwa mpigo. Jana yake jioni niliyaacha mabichi yanang'aa. Nikasema labda ugonjwa wa kuoza shina. Nikang'oa mche mmoja: mizizi myeupe, shina zima. Ugonjwa gani unaokula majani usiku mmoja na kuacha mizizi?

Nikatupa zilizokufa, nikabaki na trei nne. Nikazihudumia kama mzazi. Ijumaa ya tarehe 7, hali ile ile. Trei nne nazo zimekwenda.

Sasa sikia mambo ya sayansi, maana miye siyo mtu wa kukurupuka. Nilikitazama kipimajoto. Kinasema joto la juu kabisa: nyuzi arobaini na tatu. Nikasema sawa, mchana. Nikatazama saa: saa mbili na robo usiku! Dada, jua lilishazama, mapazia niliacha shubiri mbili, usiku huo hata kujipepea hatukuhitaji. Joto la arobaini na tatu usiku limetoka wapi? Mholanzi mwenyewe angerudi kwao.

Basi nikakaa nikafikiri. Alhamisi usiku wanaume wote wa mtaa huu tuko msikitini kwenye dhikri, kuanzia isha mpaka saa nne. Na miye ndiye sauti, bila miye dhikri inakuwa kama kikao cha wagonjwa. Nani hayuko? Bashiru. Tangu Desemba Alhamisi hata moja hajaonekana. Nikamwita kijana wake pembeni.

"Mudrick, baba yako Alhamisi yuko wapi?"

"Anamuuguza babu, mzee."

"Mzee Nassibu anaumwa Alhamisi tu? Siku nyingine anacheza mpira?"

Kijana akatazama chini. Akasema Alhamisi yeye na mama yake wanakwenda guliani Ruaruke, wanarudi usiku, baba anabaki peke yake. Peke yake, dada! Umesikia? Ushahidi kautoa mtoto wake mwenyewe. Huyo baba yake Bashiru najua anaumwa, tangu walipomleta Desemba nilikwenda kumwona, nikampelekea machungwa. Mgonjwa wa kujilalia tu.

Warda nimemwambia habari hii akasema, "Usimsingizie mtu." Nikamuuliza, "Weye Alhamisi hukusikia kitu bandani?" Akasema alikuwa anaosha vyombo. Vyombo gani vya kuosha mpaka saa nne?

Jumamosi nimesia upya, trei nane. Ulisema niongeze jicho la tatu. Nimeongeza.

Haruna

*

Twasalie, 19 Februari 2025

Haruna mdogo wangu,

Salaam. Tuko salama, naandika haraka, Dulla anasubiri maji yapande.

Nijibu haya. Ni Alhamisi zote au mbili tu? Mapazia ulipofika asubuhi yalikuwa juu au chini? Na kipimajoto kimetundikwa wapi, katikati au pembeni?

Usimwambie Bashiru neno. Usimwambie mtu yeyote neno. Nilichoandika kuhusu macho matatu nilikiandika kwa papara, kifute.

Mwambie Warda, dada anasema ile kazi aache. Atajua.

Mwanahawa

*

Mchukwi, 11 Machi 2025

Dada yangu,

Ramadhani karimu, na funga iwe nyepesi kwako. Sisi tunafunga vizuri, ila futari ya nyumba hii haina ladha. Yasmini anakula tende moja analala. Warda anapika, anaweka mezani, anaingia chumbani. Nakula peke yangu kama abiria.

Maswali yako nimeyapata tarehe 25, na nitakujibu, lakini kwanza nikuulize lako. Nilimwambia Warda, "Dada anasema ile kazi uache." Mwiko ulimdondoka mkononi. Nikamuuliza kazi gani, akasema, "Ya kusuka ukili wa mikeka." Ukili! Warda tangu nimuoe hajasuka hata kipepeo cha kupepea moto. Mnanificha nini ninyi wawili? Kifurushi kile kilikuwa na nini? Nimelala na swali hilo usiku mwingi, nikaliacha kwa sababu nilikuwa na adui mkubwa zaidi.

Alhamisi ya tarehe 20 Februari nilitega. Kabla ya kwenda kwenye dhikri nilimwaga jivu laini mlangoni pa banda, nikalisawazisha kwa ubao. Ijumaa alfajiri nakwenda na tochi: nyayo! Ndogo, za peku, za kuingia na za kutoka. Nikazipima kwa kijiti. Mguu wa Bashiru ni mkubwa kama mtumbwi, nikasita. Lakini baadaye nikaelewa: alitembea kwa vidole. Mchawi hakanyagi kisigino.

Ndiyo, dada, neno hilo nimeliandika miye, mtu wa nyuzi joto. Kwa sababu ndani nilikuta kipande cha mkaa chini ya meza, pale katikati, chini ya kipimajoto. Na harufu. Ubani, na kitu kingine kinachowasha koo. Mtu kanifukizia banda langu! Nikamwita Warda. "Unasikia harufu hiyo?" Akasema ana mafua. Miche yote iliyokuwa imeanza kuchomoza imelala chini.

Nikasia tena, mara ya tatu. Na hapa ndipo ushahidi ulipokamilika. Tulipokaribia mwezi kuandama niliwaambia watu msikitini, Bashiru hayupo ila shemeji zake wapo, kwamba namjua anayeniharibia, na nitamtaja. Tangu siku hiyo, hakuna mche uliokufa. Alhamisi imepita, ya pili imepita, kipimajoto usiku hakijavuka ishirini na nane. Miche imesimama kama askari. Kwa nini? Mwenye kufanya kasikia kwamba nimemgundua. Mtu asiye na hatia asingeacha!

Kwa hiyo Jumapili, tarehe 9, nimerudisha posa. Nimewatuma wazee wawili wa msikitini, Abdulswamadu na mwenzake, wamempelekea Bashiru kila kitu, barua na kilemba na kanga. Wanasema Bashiru alipokea, akauliza, "Kwa kosa gani?" Wakamwambia, "Haruna anasema wewe unajua." Akasema, "Haya," akafunga mlango. Haya! Hata hakubisha. Asiye na hatia hubisha.

Yasmini kaniambia maneno ambayo sikuyatarajia. Kasema, "Baba, unanivunjia nyumba kwa sababu ya pilipili." Nikamwambia mwanangu, leo pilipili, kesho watoto wako. Akaenda akakigeuza kioo chake kikatazama ukuta.

Sema nimefanya sawa, dada. Weye ndiye uliyeanza kuniamsha.

Haruna

*

Twasalie, 19 Machi 2025

Haruna, mtoto wa mama yangu,

Leo sikusalimu kwa urefu, na habari za hapa hazina maana mbele ya hii. Dulla kanipa barua yako, akanipa na neno moja la mdomo kutoka kwa Warda. Alimfuata mpaka stendi ya Kibiti kulitoa. Neno lenyewe ni, "Wifi, nifungue."

Basi namfungua, nawe soma ukiwa umekaa.

Mchawi wa miche yako ni mimi.

Kile kifurushi kilikuwa na ubani, chumvi ya mawe, pilipili kavu, na mavi makavu ya tembo niliyoagiza Ngarambe. Ulipoandika kwamba Bashiru kasema "mingi", mimi niliona hasadi imeshaingia. Nikamwandikia Warda kikaratasi: kila Alhamisi, mumeo akienda kwenye dhikri, weka jiko la mkaa katikati ya banda, tia vitu hivi, shusha mapazia yote mpaka chini, usiache hata tundu la sindano, moshi ulale humo mpaka alfajiri. Akienda kuswali, toa jiko, pandisha mapazia kama alivyoyaacha. Nikamwandikia aape kwa msahafu kwamba hatakwambia. Nilijua utacheka, utasema Mholanzi hakufanya hivyo.

Warda hakutaka. Alijibu kwamba ile nyumba ina hesabu zake. Nikamwambia, mimi ni mkubwa, fanya. Akafanya. Nyayo zile za kwenye jivu ulilomwaga ni zake. Alikuwa peku, na mguu wake mdogo unaujua tangu mwaka tisini na nane, hukuutambua kwa sababu ulikuwa unatafuta wa mtu mwingine.

Mtoto mchanga tunamfukiza, Haruna, lakini tunampitisha mara tatu tunamtoa nje, hatumfungii ndani na jiko na pilipili usiku kucha. Miche yako nimeifungia. Uliponiandikia nyuzi arobaini na tatu, saa mbili na robo usiku, nilijua pale pale. Ndiyo maana nikauliza kipimajoto kimetundikwa wapi. Na ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: nikanyamaza. Nikajisemea, Warda akiacha miche itapona, nawe utapata kitu kingine cha kujisifia, yataisha. Sikujua kwamba miche ikipona utaifanya shahidi.

Iliacha kufa kwa sababu Warda aliacha, siku ile mwiko ulipomdondoka. Bashiru hakuogopa kitu, hakuwa na kitu cha kuogopa.

Mpelekee barua hii aisome mwenyewe. Usimsomee wewe, ukisoma unaongeza. Akitaka nije kupiga magoti, nitakuja na boti ya kwanza. Warda usimguse kwa neno. Aliyeapishwa hana kosa, mwenye kosa ni aliyeapisha.

Mwanahawa

*

Mchukwi, Alhamisi, 10 Aprili 2025

Dada Mwanahawa,

Salaam na mkono wa sikukuu, ingawa umechelewa. Wazima. Yasmini kala pilau sahani mbili siku ya Idi, nikahesabu kwa furaha.

Barua yako nimeipata siku nne kabla ya Idi. Nimeisoma mara moja nikakasirika na weye, mara ya pili nikakasirika na Warda, mara ya tatu sikupata mtu mwingine wa kukasirikia, nikabaki miye. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Siku tatu natembea nayo. Miye niliyeendesha lori la tani thelathini mpaka Lubumbashi, nimeshindwa kwenda nyumba ya pili.

Warda alinikuta nimekaa bandani. Akasema, "Umeshaisoma?" Nikasema nimeisoma. Akasema, "Basi nenda. Kesho Idi, utampaje mtu mkono?" Nikataka kumwuliza kwa nini aliiacha posa irudi akinyamaza. Akanitangulia: "Usiku ule kabla posa haijarudi nilisema nikwambie, kiapo au si kiapo. Nikaja mpaka mlangoni. Ulikuwa unajipima mguu kwa kile kijiti cha nyayo, unacheka peke yako. Nikarudi."

Nikaenda, Jumapili baada ya alasiri. Bashiru alikuwa anaanika shuka, shuka nyingi, kamba nzima. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikampa barua. Akaisoma amesimama, polepole, kidole kinafuata mstari. Nilitamani acheke pale pa mavi ya tembo, maana hata miye nilicheka. Hakucheka. Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja.

Nikasema, "Jirani, nimekukosea."

Akasema, "Ulimwaga jivu mlangoni kwako kunitafuta. Kwangu mbona hukubisha hodi? Ni hatua arobaini, nimezihesabu tangu uliporudisha posa."

Nikasema, "Alhamisi hukuwa unaonekana."

"Mudrick alikwambia nilipo."

"Sikumwamini."

"Njoo basi uamini."

Akanishika mkono akaniingiza ndani. Dada, Mzee Nassibu hawezi kujigeuza. Upande wa kushoto wote umekufa tangu Desemba. Kila saa mbili lazima ageuzwe ubavu, la sivyo ngozi inachubuka, na kidonda kimeshaanza nyongani. Siku zote wanasaidiana watatu, Alhamisi Bashiru anabaki peke yake, na ndiyo maana haji kwenye dhikri. Yale machungwa niliyoleta, niliyakabidhi mlangoni, nikasema nina haraka, miche yangu inataka maji. Sikuingia. Nimeandika kwako kwamba nilikwenda kumwona. Sikumwona.

Nikamuuliza Bashiru kwa nini hakuniambia. Akasema, "Niliona haya. Ukija hapa unaongea weye tu."

Hilo liliniingia kuliko yote.

Nikamwambia, "Posa nairudisha mezani, ukinikubalia." Akasema, "Posa haikuwa yangu. Baba ndiye aliyetoa neno, mwombe yeye."

Nikasogea kitandani. Mzee macho yake mazima kabisa, makali. Akamuuliza mwanawe, kwa mdomo wa upande mmoja, "Ndiye huyu aliyesema wewe mchawi?"

"Ndiye."

"Ana mikono?"

"Anayo, baba."

"Basi anigeuze."

Nikamgeuza. Sikujua, nilimshika vibaya, akaguna, Bashiru akanionyesha: mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga, mto katikati ya magoti. Mara ya pili nilifanya vizuri. Mzee akasema, "Mtoto wake aje kwetu. Baba yake tutamfundisha." Hayo ndiyo maneno ya kupokea posa kwa mara ya pili, na mfano wake sijausikia kokote duniani, na nimekwenda kwingi.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 19. Njoo mapema, Yasmini anakusubiri umfunde. Bashiru anasema huna haja ya kupiga magoti, lakini anataka kukuona usoni. Na usije na kifurushi. Miche tunayo mia nne, naizoesha jua la nje kila siku saa moja zaidi. Habari hizo fupi, maana sizitaki tena ziwe ndefu. Bashiru bado hajala chakula kwangu. Anasalimu, anacheka kidogo, akikaribishwa anasema ameshiba. Namwelewa. Sidhani kama itaisha kwa harusi.

Leo ni Alhamisi. Mudrick na mama yake wako guliani, Bashiru nimemtuma kwenye dhikri, nasikia sauti zao kutoka msikitini, na kusema kweli bila miye wanaimba vizuri tu. Naandika kwenye kiti karibu na kitanda, karatasi juu ya goti. Nilijaribu kumsimulia mzee habari za Arusha na Mholanzi, akasema nimpumzishe.

Naishia hapa, dada. Saa mbili zimetimia, mzee anataka kugeuzwa.

Haruna